Uliza Ujibiwe: Seva ya programu ya chanzo huria, tuchukue ipi?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: seva za programu za Java zenye chanzo huria (yaani programu zinazobeba na kuendesha mifumo ya Java, na msimbo wake uko wazi kwa wote), ipi ichukuliwe, na kwa nini iliyokwisha kuchukuliwa inasumbua. Maswali tumeyafupisha.

Wakuu, salaam. Tuko wanne, tunaanza mfumo mpya wa Java: kurasa za wavuti, hifadhidata ya PostgreSQL, na baadaye foleni ya ujumbe (pa kuweka ujumbe hadi mfumo mwingine uuchukue). Mmoja anashikilia Tomcat, mwingine WildFly, wa tatu anasema GlassFish ndiyo yenyewe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kipimo cha nyingine zote. Mimi ndiye wa kuamua. – Wa Nne

Wa Nne, weka majina kando kwanza. Chukua karatasi uandike mfumo wenu utadai nini hasa kutoka kwenye seva. Kama kuna msimbo wa zamani mtakaourithi, usiwaulize watu, uulize wenyewe:

`grep -rhoE "^import (javax|jakarta)\.[a-z]+" src | sort | uniq -c | sort -rn`

Utapata orodha ya vifurushi na idadi ya mara kila kimoja kilivyoitwa. Ukiona `jakarta.servlet`, `jakarta.websocket` na `jakarta.el` peke yake, Tomcat au Jetty inatosha kabisa. Ukianza kuona `jakarta.ejb` (vijenzi vya kazi za biashara), `jakarta.jms` (foleni za ujumbe) au `jakarta.transaction` (miamala), mnaomba vitu ambavyo Tomcat haina. Tomcat ni kontena la servlet (madarasa ya Java yanayojibu maombi ya wavuti) na JSP (kurasa za HTML zenye msimbo wa Java). Si seva kamili ya Jakarta EE (viwango vya Java vya mifumo mikubwa, zamani Java EE) na haijawahi kujidai kuwa hivyo. CDI (kuunganisha sehemu za msimbo), JPA (kuongea na hifadhidata) na JAX-RS (huduma za wavuti) mnaweza kuzileta wenyewe kwa maktaba kama Weld, Hibernate na Jersey, na watu wanafanya hivyo kila siku. Ila kila maktaba ni toleo jingine la kupatanisha na wenzake. Mkifika ya nne au ya tano, mmeshaanza kujijengea WildFly kwa mkono, na hakuna anayeijaribu zaidi yenu.

Kitakachoamua kwenu ni ile foleni. Jiulizeni: je, kuna tendo moja linaloandika kwenye hifadhidata na papo hapo kutuma ujumbe, na ni lazima yote mawili yafanikiwe au yote mawili yafutike? Kama lipo, kuna njia mbili.

Ya kwanza ni muamala wa pamoja, XA. WildFly huja na msimamizi wa miamala, Narayana, tayari ndani yake, Tomcat haina. Mkienda njia hii na PostgreSQL, jueni kwamba `max_prepared_transactions` huanza na sifuri. Muamala wa kwanza wa XA utagoma kwa ujumbe `prepared transactions are disabled`, na watu hupoteza siku nzima wakikagua WildFly ilhali kosa liko kwenye `postgresql.conf`. Iwekeni iwe angalau sawa na `max_connections`, kisha muiwashe upya hifadhidata, maana kuipakia tena mipangilio peke yake hakutoshi.

Njia ya pili ndiyo tunayoipendelea kwa timu ndogo. Ujumbe unauandika kwenye jedwali la kawaida, tuseme `ujumbe_wa_kutuma`, ndani ya muamala uleule unaobadilisha data. Kazi nyingine ya pembeni inasoma jedwali hilo kwa `SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED`, inatuma kwenye foleni, kisha inatia alama kwamba umetumwa. Hifadhidata ni moja, muamala ni mmoja, XA haihitajiki. Gharama yake ni kwamba ujumbe unaweza kwenda mara mbili, pale kazi inapokufa baada ya kutuma na kabla ya kutia alama. Kwa hiyo kila ujumbe upewe namba yake, na anayepokea akague kama ameshaiona.

Kwa njia hiyo ya pili Tomcat inawatosha. Kama wawili kati yenu wameshazoea EJB na CDI, basi WildFly, wala msione haya. Kumbukeni tu kwamba usanidi wa kawaida, `standalone.xml`, hauna foleni. Mtawasha hivi: `bin/standalone.sh -c standalone-full.xml`, na hapo ActiveMQ Artemis inakuwemo.

Kuhusu GlassFish, mwenzenu hajakosea kihistoria. Ndiyo iliyotumika kuthibitisha viwango vya Java EE enzi za Sun. Lakini mwaka 2013 Oracle ilitangaza kuacha msaada wake wa kibiashara, na mwaka uliofuata likachipuka tawi la Payara kutoka humo humo. GlassFish yenyewe sasa iko chini ya Wakfu wa Eclipse na inaendelea kutoka. Kwa mtu anayetaka sura ileile ya usimamizi, poti 4848 na amri za `asadmin`, pamoja na kampuni ya kuipigia simu mambo yakiharibika, Payara ina mantiki. Kwenu sioni sababu.

Mbili zimesahauliwa kwenye mabishano yenu. TomEE ni Tomcat iliyoongezewa sehemu za Jakarta EE na mradi wa Apache wenyewe, kwa hiyo kazi ya kupatanisha maktaba wanaifanya wao. Open Liberty, ambayo IBM iliifungulia chanzo mwaka 2017, inawasha kile tu ulichokitaja kwenye `server.xml`: ukiandika `<feature>servlet-6.0</feature>` utapata servlet na si zaidi. Anayeanza mdogo na kutegemea kukua aitazame vizuri.

Mkichukua Tomcat, angalieni Java mliyo nayo kabla ya kupakua. Tomcat 10.1 inadai Java 11 au zaidi, na Tomcat 11 inadai 17. Mradi mpya usianze na Tomcat 9. Na 10.0 msiiguse, ilikuwa daraja tu na muda wake uliisha mwaka 2022.

Tumehamisha war yetu (faili la mfumo uliofungashwa) kutoka Tomcat 9 kwenda 10.1. Inapanda bila kosa hata moja kwenye logi, lakini kila ukurasa unaleta 404, yaani haupatikani. Tumeirudisha Tomcat 9, inafanya kazi. Tatizo ni Tomcat? – Tumechoka kurudi nyuma

Tomcat haina kosa. Java EE ilipohama kutoka Oracle kwenda Eclipse kuanzia mwaka 2017, haki ya kuendelea kubadilisha vifurushi vyenye jina `javax` haikuhama nayo. Matokeo yake, Jakarta EE 9 ya mwishoni mwa 2020 ilibadilisha majina yote kuwa `jakarta`. Tomcat 9 inafahamu `javax.servlet`, kuanzia Tomcat 10 ni `jakarta.servlet`.

Ukimya huo unatokana na anotesheni, alama zinazoandikwa juu ya darasa. Darasa lako lina `@WebServlet` ya `javax`. Tomcat 10.1 inapolipitia inatafuta `@WebServlet` ya `jakarta`, haikuti kitu, inaendelea na safari. Kwake hilo si kosa, ni darasa la kawaida lisilo na servlet. War inapanda ikiwa tupu, na kila anwani ni 404. Mngekuwa mmeitaja servlet kwenye `web.xml`, mngepata kelele: ama `NoClassDefFoundError: javax/servlet/http/HttpServlet`, ama, kama mtu alibeba `javax.servlet-api` ndani ya `WEB-INF/lib`, ujumbe kwamba darasa hilo si Servlet. Huo wa pili unachanganya sana kwa sababu ukilifungua darasa unaona kabisa kwamba ni servlet. Ndiyo, ila ya ukoo mwingine.

Kuhamisha msimbo, usifanye badili-zote kutoka `javax.` kwenda `jakarta.`. Baadhi ya `javax` ni mali ya Java yenyewe na haikuguswa: `javax.sql`, `javax.naming`, `javax.crypto`, `javax.net.ssl`, hata `javax.transaction.xa`. Ukibadilisha `javax.sql.DataSource`, msimbo hautajengeka. Mtego mdogo zaidi ni `javax.annotation`: `PostConstruct` inahama, lakini `javax.annotation.processing` inabaki.

Halafu maktaba. Spring 5 inaongea `javax`; Spring 6 ndiyo `jakarta`, nayo inataka Java 17. Kwa hiyo hata kama Tomcat 10.1 inaridhika na Java 11, Spring itawavuta hadi 17. Hibernate vivyo hivyo, pandeni hadi 6.

Ikiwa msimbo wa chanzo haupo, au muda haupo, mradi wa Tomcat una kifaa cha kugeuza war iliyokwisha kujengwa:

`java -jar jakartaee-migration-*-shaded.jar mfumo.war mfumo-mpya.war`

Au tengenezeni folda iitwayo `webapps-javaee` kando ya `webapps`, mwitupie war ya zamani humo. Tomcat itaigeuza na kuiweka yenyewe kwenye `webapps`. Inafaa kuvukia mto. Si ya kuishi nayo, kwa sababu kinachoendeshwa kwenye seva si tena kile mlichokijaribu kwenye kompyuta zenu.

Mfumo uko kwenye Tomcat. Asubuhi mzuri, ikifika mchana unaganda: kurasa hazifunguki, CPU iko chini kabisa, logi kimya. Tukiwasha upya unapona hadi kesho yake. Bosi anasema tuhamie WildFly kwa kuwa "ina nguvu". Tuhame? – Msimamizi wa kuwasha upya

Msihame bado. CPU ingekuwa juu, mngetafuta kinachokula. Ikiwa chini na watu wanangoja, basi nyuzi za seva (threads, kila moja huhudumia ombi moja) nazo zinangoja kitu. Tafuteni kitu chenyewe.

Siku ya kuganda, kabla ya kuwasha upya, pateni namba ya mchakato kwa `jps -l`, kisha:

`jstack NAMBA > nyuzi1.txt`

Rudieni mara tatu, sekunde kumi kati ya moja na nyingine, kila mara kwenye faili lake. Fungueni mtafute nyuzi zenye majina yanayoanza na `http-nio-8080-exec-`. Tunaweza kubahatisha mtakachokuta: makumi ya nyuzi, katika mafaili yote matatu, zimesimama palepale, na mistari yake ya juu ina `LinkedBlockingDeque.takeFirst` na chini kidogo `GenericObjectPool.borrowObject`. Maana yake zinasubiri kuazima muunganisho wa hifadhidata.

Sasa hesabu. Tomcat huanza na nyuzi 200 za kuhudumia maombi. Akiba ya miunganisho inayokuja nayo, DBCP 2, huanza na `maxTotal` ya 8. Na `maxWaitMillis` huanza na -1, yaani subiri milele. Mahali fulani kwenye msimbo wenu kuna njia inayoazima muunganisho na kusahau kuurudisha, mara nyingi ile njia ya makosa: swali linagoma, linarusha hitilafu, na `close()` iliyoandikwa mstari wa mwisho haifikiwi. Kila kosa la namna hiyo linapoteza muunganisho mmoja. Yakitokea manane, akiba imekauka. Ombi linalofuata linasubiri milele, na lingine, na lingine, hadi nyuzi 200 zote zimeketi. Hakuna kosa kwenye logi kwa sababu hakuna kilichoshindikana. Kila mmoja bado anangoja zamu yake. Ndiyo maana asubuhi ni nzuri: inachukua saa kadhaa kufikisha makosa manane.

Dawa ya kweli iko kwenye msimbo:

`try (Connection c = ds.getConnection();`
`     PreparedStatement p = c.prepareStatement(sql)) {`
`    // kazi`
`}`

Muunganisho ulioazimwa hivyo unarudi hata hitilafu ikirushwa. Wakati mnatafuta mahali panapovuja, ongezeni haya kwenye `Resource` ya `context.xml`:

`maxTotal="30" maxWaitMillis="5000"`
`removeAbandonedOnBorrow="true"`
`removeAbandonedTimeout="60" logAbandoned="true"`

`maxWaitMillis` ya 5000 inageuza ukimya kuwa kosa linaloonekana baada ya sekunde tano. Hiyo peke yake ingewaokoa. `logAbandoned` itaandika kwenye logi ni mstari upi wa msimbo ulioazima bila kurudisha. Hapo hamna tena haja ya kubahatisha. Lakini angalieni ripoti ndefu: swali moja linalochukua dakika tatu litaonekana kama limetelekezwa na litakatwa katikati. Kosa likishapatikana, `removeAbandonedOnBorrow` izimeni. Kuiacha ni kuficha uvujaji.

Msiseme pia kwamba 30 ni chache mkaweka 300. PostgreSQL huanza na `max_connections` ya 100, na 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi. Seva mbili za Tomcat zenye 50 kila moja zinaomba 100 mahali penye 97. Siku ya msongamano ndipo mtakapolijua hilo.

Mngehamia WildFly, uvujaji ungehama nanyi. Tofauti ni sura: akiba ya WildFly huanza na 20 na husubiri sekunde 30 tu, kisha hulalamika kwa `IJ000453: Unable to get managed connection`. Mngeganda alasiri badala ya mchana, ila mngepata namba ya kosa ya kutafutia. Kwa maana hiyo bosi ana hoja kidogo, lakini si ile aliyodhani.

Tunatumia Spring Boot. Tunahitaji seva ya programu kweli? – Mvivu wa kusakinisha

Mnayo tayari. Spring Boot hubeba Tomcat ndani ya jar. Andika `java -jar mfumo.jar` na safari imeanza. Seva ya nje mtaihitaji pale tu mteja anapodai war, au wasimamizi wa mitambo wanapoendesha mifumo kadhaa kwenye seva moja. Hapo `spring-boot-starter-tomcat` iwekeeni skopu ya `provided`, na darasa kuu lirithi `SpringBootServletInitializer`. Mkisahau hilo la pili, war itapanda na hakuna kitakachoamka.

Jambo moja husahaulika. Tomcat ikiwa ndani ya jar, viraka vyake vya usalama ni kazi yenu, si ya msimamizi wa mitambo. Likitoka tangazo, hakuna wa kusasisha seva. Ni ninyi mnaojenga upya mfumo na kuupandisha. Mkitumia `spring-boot-starter-parent`, hamlazimiki kungoja toleo jipya la Spring Boot: andikeni `tomcat.version` kwenye sehemu ya `properties` ya `pom.xml`, ndani ya mkondo uleule, mfano 10.1 kwenda 10.1 ya juu zaidi, kisha mjenge.

Nimeona majedwali ya kasi yanayoonyesha seva fulani inahudumia maombi mara tatu ya nyingine. Nichague kwa hayo? – Mpenda mbio

Majedwali hayo mara nyingi hupima ukurasa unaorudisha neno moja. Mfumo wako haurudishi neno moja.

Chukua mfano. Akiba yako ina miunganisho 30, na kila ombi linaushika muunganisho kwa sekunde 0.05. Muunganisho mmoja unahudumia maombi 20 kwa sekunde, 30 inahudumia 600. Hapo ndipo dari yako ilipo, iwe Tomcat, Jetty au Liberty. Ukipunguza muda wa swali hadi 0.025 kwa kuongeza faharisi sahihi kwenye jedwali, dari inakuwa 1200, na hujagusa seva.

Nyuzi pepe za Java 21 (virtual threads, nyuzi nyepesi zinazoweza kuwa nyingi sana) nazo zinafuata kanuni hiyo. Spring Boot 3.2 na kuendelea unaziwasha kwa `spring.threads.virtual.enabled=true`, na zinasaidia sana mfumo unaoita huduma nyingine za mtandaoni na kungoja majibu. Hazikuongezei hata muunganisho mmoja wa hifadhidata. Tumewaona wanaoziwasha wakifikiri wamepanua barabara, kumbe wameongeza magari.

Ukitaka kupima, pima mfumo wako kwa JMeter au `wrk`, kutoka mashine nyingine, baada ya kuupasha moto dakika kadhaa ili Java iwe imekwisha kuuboresha msimbo unaotumika zaidi.

Nitajuaje mradi wa chanzo huria uko hai kabla sijaufungia mfumo wangu? – Aliyewahi kuachwa

Tazama ukurasa wa matoleo, kisha ukurasa wa usalama, kwa mpangilio huo. Kuwa na jina kubwa hakutoshi. Geronimo ilikuwa seva kamili ya Java EE chini ya Apache, na toleo lake la mwisho la seva, 3.0.1, ni la mwaka 2013.

Ukurasa wa usalama usiotaja kasoro hata moja kwa miaka mingi haumaanishi kasoro hazipo. Mara nyingi humaanisha hakuna anayetafuta. Mradi hai unazitaja kwa namba, na unasema zimezibwa katika toleo gani. Mfano mzuri ni Ghostcat, CVE-2020-1938, ya Februari 2020. Kiunganishi cha AJP cha Tomcat (njia ya seva ya wavuti ya mbele kuongea na Tomcat) kwenye poti 8009 kilikuwa wazi tangu mwanzo bila kuombwa, na aliyekifikia aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu. Viraka vilitoka katika 9.0.31, 8.5.51 na 7.0.100, na tangu hapo AJP huja ikiwa imezimwa. Waliokuwa bado kwenye Tomcat 6 hawakupata kitu, muda wake ulikwisha kuisha mwishoni mwa 2016. Kwa hiyo la tatu la kutazama ni tarehe ya kuisha msaada, na ikiwa haijaandikwa popote, hiyo nayo ni taarifa.

Wakati uko hapo, endesha `ss -ltnp` kwenye seva yako. Ukiona 8009 inasikiliza na hujui ni ya nini, ifunge leo.

Mwanasheria wa mteja anataka kujua leseni ya seva itauathiri vipi mfumo wetu, ambao si wa chanzo huria. – Kati ya wawili

Kuendesha programu yako juu ya seva hizi hakuigeuzi leseni ya programu yako. Tomcat na TomEE ziko chini ya Apache 2.0. Jetty unachagua kati ya Apache 2.0 na EPL 2.0. GlassFish ni EPL 2.0 au GPL 2 yenye msamaha wa Classpath. Wajibu unaanza pale mnapomkabidhi mteja seva pamoja na mfumo: mafaili ya `LICENSE` na `NOTICE` yabaki mahali pake, na kama mmebadilisha msimbo wa seva iliyo chini ya EPL, mabadiliko hayo muyatoe.

Mwanasheria aelekezwe kwenye `WEB-INF/lib`, huko ndiko kwenye miiba. Dereva ya MySQL, Connector/J, ni mfano wa karibu: ni GPL 2 (leseni inayoweza kudai msimbo unaogawiwa pamoja nayo ufunguliwe pia) yenye msamaha kwa miradi ya chanzo huria, na mfumo wenu si wa namna hiyo. Mkiugawa pamoja nayo, mna mazungumzo ya kufanya. Dereva ya MariaDB ni LGPL 2.1. Orodha nzima mtaipata kwa:

`mvn org.codehaus.mojo:license-maven-plugin:add-third-party`

Faili linaandikwa ndani ya `target/generated-sources/license`, jina lake `THIRD-PARTY.txt`. Mpeni hilo, na maktaba zitakazotokea bila leseni mzitafutie moja moja kabla hajauliza.

WildFly imewaka kwenye seva, `curl localhost:8080` inajibu, lakini kutoka kompyuta yangu hakuna kitu. Faiwoli nimeizima. – Nje ya mlango

Iwashe faiwoli kwanza. WildFly husikiliza 127.0.0.1 tu hadi uiambie vinginevyo: `bin/standalone.sh -b 0.0.0.0`. Ukishawishika kuongeza `-bmanagement 0.0.0.0` ili uone kurasa za usimamizi, usifanye. Tengeneza mtumiaji kwa `bin/add-user.sh`, kisha pita ndani ya SSH:

`ssh -L 9990:localhost:9990 mtumiaji@seva`

Fungua `http://localhost:9990` kwenye kivinjari chako. Poti 9990 itabaki imefungwa kwa wengine wote.

Kontena letu la kuendeshea mfumo lina MB 512. Mwanzoni Java ililalamika haina kumbukumbu, tukaweka `-Xmx512m`, sasa kontena linakufa bila neno, namba ya kutoka (exit code) ni 137. – Tumebanwa

Namba 137 maana yake mchakato umeuawa kwa nguvu, na hapa aliyeua ni kiini cha mfumo endeshi, kwa kuwa kontena limevuka mpaka wake. Java isipoelekezwa huchukua robo ya kumbukumbu iwe hipu (heap, sehemu ya kuwekea data za programu), kwenu kama MB 128, ndiyo maana ililalamika mwanzo. Lakini hipu si kumbukumbu yote ya Java. Kuna ya madarasa, ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa, ya bafa za mtandao, na staki za nyuzi, ambazo kwenye Linux ya biti 64 hutengewa hadi MB 1 kila moja. Hipu ikiwa 512 ndani ya kontena la 512, vingine vyote havina pa kukaa.

Ondoeni `-Xmx`, wekeni `-XX:MaxRAMPercentage=55.0`, na nyuzi za Tomcat zishusheni kutoka 200 hadi 50 kwa `maxThreads="50"`. Kama logi bado inaleta `OutOfMemoryError: Java heap space`, kontena ni dogo kwa mfumo huo, lipeni MB 768 na asilimia iachwe ilivyo.